4,294,967,297 si namba tasa: jinsi ya kuivunja kwa kalamu na kikokotoo

Swali la msomaji: Namba 4,294,967,297 imenisumbua. Nimeigawa kwa namba tasa zote zilizo chini ya 100 na hakuna hata moja iliyoigawa bila baki. Programu niliyoiandika, inayopima utasa kwa vipeo vya 2, inasema ni tasa. Programu nyingine inaisoma namba yenyewe kama 1. Je, ni tasa au siyo? Ningewezaje kujua mwenyewe, na ina sifa gani nyingine?

Jibu: Si tasa. Ni 641 × 6,700,417, na vigawo hivyo viwili ni tasa vyote, kwa hiyo hakuna namna nyingine ya kuivunja. Programu zako zote mbili zimekosea, kila moja kwa njia yake, lakini chanzo ni kimoja: namba hii ni 2³² + 1. Ukiishika kwa sura hiyo, karibu kila unachotaka kujua kuihusu kinapatikana kwa hesabu fupi za karatasini. Ukiiacha katika sura ya tarakimu kumi, utagawa mpaka uchoke.

Anza kwa kuthibitisha sura yenyewe. 2¹⁶ ni 65,536. Zidisha 65,536 kwa 65,536 upate 4,294,967,296, kisha ongeza 1. Kutokana na hapo unapata pia mpaka wa utafutaji: namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, na kipeuo cha pili cha namba hii ni 65,536 na sehemu ndogo sana. Chini ya 65,536 kuna namba tasa 6,542. Wewe ulipofika 100 ulikuwa umepima 25 tu. Hukukosea popote, ila ulisimama mapema mno.

Kwa vigawo vidogo kuna njia za mkato zinazofaa kwa namba yoyote kubwa. Jumla ya tarakimu ni 59, hivyo 3 haiigawi. Kwa 7, 11 na 13 hakuna haja ya kugawa mara tatu. Katakata namba katika mafungu ya tarakimu tatu kuanzia kulia, kisha toa na kujumlisha kwa kupokezana: 297 − 967 + 294 − 4 = −380. Kwa kuwa 7 × 11 × 13 = 1,001, namba asilia inagawanyika kwa mojawapo ya hizo tatu pale tu ambapo 380 inagawanyika. 380 ukiigawa kwa 7 inabaki 2, kwa 11 inabaki 6, kwa 13 inabaki 3. Zote tatu zimeondoka kwa mstari mmoja. Alama ya kutoa haidhuru kitu unapouliza kama inagawanyika tu, ila ukitaka baki kamili ya namba asilia usiisahau: −380 kwa 7 inabaki 5, si 2.

Njia hizo hazikufikishi mbali. Kinachofungua namba hii ni hoja iliyotumiwa na Leonhard Euler. Mwaka 1640 Pierre de Fermat alieleza imani yake kwamba kila namba ya aina 2 kwa kipeo cha 2ⁿ, ukiongeza 1, ni tasa. Tano za kwanza ni 3, 5, 17, 257 na 65,537, na kweli zote ni tasa. Ya sita ndiyo hii yako. Mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba 641 inaigawa. Hakufika huko kwa kupima namba tasa zote moja baada ya nyingine, na wewe huna sababu ya kufanya hivyo.

Hoja ni hii. Chukulia p ni namba tasa inayoigawa 2³² + 1. Basi 2³² ikigawiwa kwa p inabaki −1, yaani inapungukiwa 1 ili igawanyike. Ukiizidisha kwa yenyewe, 2⁶⁴ inabaki 1. Sasa, baki za 2, 4, 8, 16 na kuendelea, zikigawiwa kwa p, hurudi kwenye 1 kila baada ya hatua kadhaa zisizobadilika. Tuziite mzunguko wa 2. Kwa kuwa kwenye hatua ya 64 tuko kwenye 1, urefu wa mzunguko unaigawa 64. Lakini kila kigawo cha 64 kilicho kidogo kuliko 64 kinaigawa 32 pia, na kwenye hatua ya 32 tuko kwenye −1, si kwenye 1. Kwa hiyo mzunguko una urefu wa 64 kamili. Fermat mwenyewe alishatambua kwamba 2 kwa kipeo cha p − 1 daima inabaki 1 pale p ikiwa tasa witiri. Basi 64 inaigawa p − 1, na p lazima iwe ya aina 64k + 1.

Andika sasa namba za aina hiyo: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Futa zisizo tasa. Zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Tano tu, na ya tano ndiyo jibu. Inasikitisha kwamba Fermat alikuwa na kanuni hii ya vipeo mkononi mwaka uleule wa 1640 na hata hivyo 641 ilimpita.

Édouard Lucas aliibana kanuni hii zaidi mwaka 1878. Kwa kuwa p ni 64k + 1, ukiigawa kwa 8 inabaki 1, na kwa namba tasa za namna hiyo daima ipo namba a ambayo mraba wake ukigawiwa kwa p unabaki 2. Mzunguko wa 2 ni 64, kwa hiyo mzunguko wa a ni 128, na 128 inaigawa p − 1. Papo hapo 193, 449 na 577 zinaanguka, maana k zake ni 3, 7 na 9, zote witiri. Zinabaki 257 na 641.

Hata 257 unaweza kuiondoa bila kugawa. Toa 2 kwenye namba yako upate 4,294,967,295. Hiyo ni 2³² − 1, nayo ni zao la 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, yaani namba zote tano za Fermat zilizotangulia. Kama 257 ingeigawa namba yako, ingeigawa pia tofauti ya namba hizo mbili, ambayo ni 2. Haiwezekani. Basi katika namba tasa 6,542, ya kwanza inayostahili kupimwa kweli ni 641.

Kuipima nako usigawe namba yenye tarakimu kumi. Piga mraba wa baki:

2⁸ = 256.
2¹⁶ = 256 × 256 = 65,536. Toa 641 × 102 = 65,382. Inabaki 154.
2³²: 154 × 154 = 23,716. Lakini 641 × 37 = 23,717. Imepungua 1, hivyo baki ni −1.

Ongeza ile 1 ya 2³² + 1, unapata sifuri. 641 inaigawa.

Kosa linalojirudia hapa ni kusahau kuongeza 1 mwishoni, kisha mtu akatangaza kwamba baki ni 640 na kigawo hakifai. Ukitaka kukagua mkono wako, namba yako ikigawiwa kwa 193 inabaki 109, kwa 257 inabaki 2, kwa 449 inabaki 325, na kwa 577 inabaki 288. Ukipata hizo kwa njia ya miraba, unaifanya vizuri.

Upo uthibitisho mwingine ambao hauhitaji kugawa hata mara moja, na kwangu ndio mzuri kuliko yote. 641 inaandikika kwa namna mbili: 5 × 2⁷ + 1, na pia 5⁴ + 2⁴ (625 + 16). Kwa namna ya kwanza, 5 × 2⁷ inabaki −1 ukiigawa kwa 641. Kwa kipeo cha nne, 5⁴ × 2²⁸ inabaki 1. Kwa namna ya pili, 5⁴ inabaki sawa na −2⁴. Weka −2⁴ mahali pa 5⁴: −2⁴ × 2²⁸, yaani −2³², inabaki 1. Basi 2³² inabaki −1, na kazi imekwisha.

Sasa kigawo cha pili. Kugawa kunakupa 6,700,417, lakini usidhani ni tasa kwa sababu tu inaonekana hivyo. Kipeuo chake cha pili kiko kati ya 2,588 na 2,589. Kigawo chochote tasa cha 6,700,417 ni kigawo cha namba nzima pia, kwa hiyo kinafungwa na kanuni ileile ya 128k + 1. Pitia k kuanzia 1 hadi 20. Tasa ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409 tu. 257 tumeshaiondoa. Ukiigawa 6,700,417 kwa 641 inabaki 44, kwa 769 inabaki 120, kwa 1,153 inabaki 334, kwa 1,409 inabaki 622. Basi ni tasa, na umethibitisha kwa migawanyo minne. Angalia kwamba 641 nimeipima tena. Wengi huiruka kwa kuwa wameshaitumia, lakini namba inaweza kugawanyika kwa kigawo kilekile mara mbili, na ukiiruka uthibitisho wako una tundu.

Nirudi kwenye programu zako. Ile ya kwanza inapima kwa kanuni ya Fermat: inachukua 2, inaipandisha kwa kipeo cha N − 1, na ikibaki 1 inasema N ni tasa. Kwa namba yako N − 1 ni 2³². Tumeona kwamba 2⁶⁴ inabaki 1 ukiigawa kwa N nzima, maana 2³² inabaki −1. Kwa kuwa 64 inaigawa 2³², 2 kwa kipeo hicho kikubwa inabaki 1 bila shaka yoyote. Kipimo kinapita, na kingepita kwa kila namba ya familia hii, iwe tasa au isiwe. Hata kile kipimo kikali zaidi cha Miller na Rabin, ukikitumia kwa msingi wa 2 peke yake, kinapita: ukipiga mraba mfululizo unapata 2, 4, 16, 256, 65,536, kisha −1, na kipimo kinaridhika. Kumpima 2³² + 1 kwa 2 ni kama kumwita ndugu wa mtuhumiwa awe shahidi wake.

Badili msingi uwe 3. Mwaka 1877 Théophile Pépin alithibitisha kwamba namba ya familia hii, kuanzia 5 na kuendelea, ni tasa pale, na pale tu, ambapo 3 kwa kipeo cha (N − 1)/2 inabaki −1. Kwa namba yako kipeo hicho ni 2³¹, yaani piga mraba mara 31 kuanzia 3, kila mara ukichukua baki. Matokeo ni 10,324,303. Kama ingekuwa tasa ungepata 4,294,967,296. Ukipiga mraba mara moja zaidi unapata 3,029,026,160, ambayo si 1, kwa hiyo hata kipimo cha kawaida cha Fermat kinaikamata namba hii pindi msingi ukiwa 3. Kumbuka tu kwamba kipimo cha Pépin kinakwambia namba si tasa lakini hakikuonyeshi kigawo hata kimoja.

Kuchukua baki katika hatua hizo ni kwepesi kuliko inavyoonekana. Kwa kuwa 2³² inabaki −1, gawa mraba wako kwa 2³², upate hisa A na baki B, kisha jibu ni B − A. Ikitoka hasi, ongeza N. Mfano ni ile hatua ya mwisho: 10,324,303 × 10,324,303 = 106,591,232,435,809. Ukiigawa kwa 4,294,967,296 hisa ni 24,817 na baki 3,029,050,977. Toa: 3,029,050,977 − 24,817 = 3,029,026,160. Kompyuta inafanya hivi kwa kukata biti 32 za chini na kuzitenga na za juu, bila kugawa kabisa.

Programu ya pili imekosea kwa sababu ya nafasi. Namba nzima isiyo na alama (yaani isiyoweza kuwa hasi) katika biti 32 inaishia 4,294,967,295. Namba yako imezidi mpaka huo kwa 2. Kilichohifadhiwa ni baki ya kuigawa kwa 2³², nayo ni 1. Ndiyo maana unaona 1, na ndiyo maana programu haitoi onyo lolote: kwake hakuna kosa lililotokea.

Ukihamia biti 64, kuna mtego mwingine unaokungoja, na ni mwembamba ajabu. Namba kubwa kabisa ya biti 64 isiyo na alama ni 18,446,744,073,709,551,615. Baki kubwa kabisa unayoweza kukutana nayo ni N − 1 = 2³², na mraba wake ni 2⁶⁴ = 18,446,744,073,709,551,616. Umezidi kwa 1 tu! Mraba huo unageuka sifuri, na kila hatua inayofuata inabaki sifuri. Baki nyingine zote zinaingia. Kwa hiyo programu inaweza kufanya kazi sawasawa kwa majaribio mengi kisha ikaanguka pale tu baki inapokuwa −1, ambayo ndiyo baki unayoitafuta. Dawa ni kuishughulikia baki ya 2³² peke yake (mraba wake ni 1), au kutumia namba zisizo na kikomo cha tarakimu, kama zile za lugha ya Python.

Programu za majedwali na lugha zinazohifadhi kila namba kama desimali ya biti 64 zina shida nyingine: namba nzima ni za uhakika hadi 2⁵³ = 9,007,199,254,740,992 tu. Namba yako inaingia, miraba ya baki zake nyingi haiingii, na tarakimu za mwisho zinapotea kimyakimya. Usifanye kipimo cha Pépin humo. Kikokotoo cha kawaida cha tarakimu kumi kinatosha kwa hesabu zote za 641 na 6,700,417 nilizokupa hapo juu, lakini si kwa kupiga miraba ya baki za N nzima.

Inafaa pia kujua njia zipi za kuvunja namba zinashindwa hapa. Njia ya Fermat ya tofauti ya miraba miwili inaanza kwenye kipeuo cha pili na kupanda hatua moja moja, kwa hiyo ni nzuri pale vigawo viwili vinapokaribiana. Hapa kimoja ni zaidi ya mara 10,000 ya kingine. Ungeanza na 65,537 na kupanda hadi 3,350,529, kwa kuwa N = 3,350,529² − 3,349,888². Hayo ni majaribio 3,284,993. Kugawa kwa namba tasa moja baada ya nyingine kungekufikisha kwenye 641 mapema mno kuliko hivyo.

Njia ya John Pollard ya p − 1, ya mwaka 1974, inafaa sana, maana 641 − 1 = 640 = 2⁷ × 5, vigawo vidogo vitupu. Chukua 3, piga mraba mara saba, pandisha kwa kipeo cha 5, toa 1, kisha tafuta kigawo kikubwa cha shirika cha matokeo hayo na N. Utapata 641. Ukianza na 2 badala ya 3, njia inakwama: mzunguko wa 2 ni 64 kwa vigawo vyote viwili, hivyo vinajitokeza kwa pamoja na kigawo cha shirika kinaruka kutoka 1 hadi N nzima. Ni kosa lilelile la programu yako, limevaa nguo nyingine.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya jumla za miraba miwili. Namba yako ni 65,536² + 1². Namba tasa haiwezi kuandikwa hivyo kwa njia mbili tofauti. Yako inaandikika pia kama 62,264² + 20,449². Hesabu: 3,876,805,696 + 418,161,601 = 4,294,967,297. (20,449 yenyewe ni 143², kwa hiyo sehemu ya pili ni 143⁴.) Njia mbili zinathibitisha kwamba si tasa, na Euler alionyesha zinatoa vigawo pia. Chukua tofauti na jumla:

65,536 − 62,264 = 3,272, na 20,449 − 1 = 20,448. Kigawo kikubwa cha shirika ni 8.
65,536 + 62,264 = 127,800, na 20,449 + 1 = 20,450. Kigawo kikubwa cha shirika ni 50.

Gawa kila kimoja kwa 2: 4 na 25. Piga miraba na ujumlishe: 16 + 625 = 641. Kigawo kingine kinatoka kwenye kinachosalia: 3,272 ÷ 8 = 409 na 20,448 ÷ 8 = 2,556, na 409² + 2,556² = 6,700,417. Ugumu ni kuipata ile njia ya pili ya kuandika, lakini ukishaipata, hakuna kubahatisha tena.

Ukishajua vigawo, sifa nyingine zinafuata haraka. Ina vigawo vinne: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe. Jumla ya vyote ni 642 × 6,700,418 = 4,301,668,356. Ukiiacha namba yenyewe, vitatu vilivyobaki vinafika 6,701,059 tu, kwa hiyo ni namba pungufu, mbali kabisa na kuwa kamili. Namba zilizo kati ya 1 na N zisizo na kigawo cha shirika nayo ni 640 × 6,700,416 = 4,288,266,240. Hesabu hii ya mwisho ina thamani kuliko inavyoonekana: mtu akikupa hiyo peke yake, anakuwa amekupa vigawo. Toa kwenye N + 1 upate 6,701,058, ambayo ni jumla ya vigawo viwili tasa. Zao lao unalijua. Tatua mlinganyo x² − 6,701,058x + 4,294,967,297 = 0 na utapata 641 na 6,700,417. Ndiyo sababu katika usimbaji wa RSA, unaolinda siri kwa ugumu wa kuvunja namba kubwa, hesabu hiyo hufichwa kwa uangalifu uleule wa vigawo vyenyewe.

Katika mfumo wa binari ni 1, sifuri 31, na 1. Katika mfumo wa namba 16 ni 100000001. Zote zinasomeka sawa kutoka pande zote mbili.

Kuna jambo kuhusu 641 na desimali. 1/641 inajirudia kila baada ya tarakimu 32: 0.00156006240249609984399375975039, kisha inaanza upya. Sababu ni kwamba 10⁸ ikigawiwa kwa 641 inabaki 154, baki ileile ya 2¹⁶, na mraba wa 154 tumeona unabaki −1. Kufanana huko si bahati: 10⁸ − 2¹⁶ = 2⁸ × (5⁸ − 2⁸), na 5⁸ − 2⁸ = (5⁴ + 2⁴)(5⁴ − 2⁴), ambamo 641 imo. Kwa kuwa 10¹⁶ inabaki −1, nusu mbili za mzunguko zikijumlishwa zinatoa tisa tupu: 0015600624024960 + 9984399375975039.

Kuhusu jiometri, Carl Friedrich Gauss aligundua mwaka 1796 kwamba umbo sawa la pande 17 linachoreka kwa rula na bikari, na sababu inaungana na namba tasa za Fermat. Pierre Wantzel alikamilisha mwaka 1837 upande wa pili: idadi ya pande ikiwa witiri, lazima iwe zao la namba tasa za Fermat zilizo tofauti. Umbo la pande 4,294,967,297 kwa hiyo halichoreki, maana 641 si mojawapo. Lakini jirani yake aliye nyuma kwa 2, umbo la pande 4,294,967,295, linachoreka kwa kanuni, na hiyo ndiyo idadi witiri kubwa kuliko zote zinazojulikana kuwa na sifa hiyo.

Tangu Euler hakuna namba tasa nyingine ya Fermat iliyopatikana. Kuanzia hii yako (n = 5) hadi n = 32, zote zimethibitishwa kuwa si tasa. Ukitaka kufanya mazoezi, chukua inayofuata, 2⁶⁴ + 1 = 18,446,744,073,709,551,617. Kanuni ya Lucas inasema vigawo vyake ni vya aina 256k + 1, na Fortuné Landry alikipata kimoja mwaka 1880: 274,177, yaani k = 1,071. Huhitaji zaidi ya miraba miwili kuanzia 65,536. Mraba wa kwanza, 4,294,967,296, ukigawiwa kwa 274,177 unabaki 258,768. Iandike kama −15,409 ili namba isikue. Kisha 15,409 × 15,409 = 237,437,281, na 274,177 × 866 = 237,437,282.